Unashuka Kilo Nyingi na Ngozi Inalegea: Cha Kufanya, Hatua kwa Hatua

Aliyekuwa na kilo 120 akashuka hadi 80 huanza kuiona ngozi kwenye tumbo la chini, kisha kwenye mikono karibu na kwapa, mapajani, kifuani, na kwa wengine chini ya kidevu. Imekunjamana, inaning'inia, na akiinama inashuka naye. Wapo wanaokata tamaa hapo na kuona bora wanenepe tena. Wapo wanaonunua kila krimu wanayoonyeshwa. Wote hao wanaamua mapema mno. Ngozi haihukumiwi mpaka uzito utulie, na kutulia huko kunataka karibu mwaka mzima. Mwaka huo una kazi zake, na ukizifanya kwa mpangilio ngozi itakayobaki itakuwa kidogo zaidi, na pesa zako hazitaishia kwa wauza ahadi.

Mwongozo huu ni wa anayepunguza uzito kwa makusudi. Kama kilo zinashuka zenyewe, chakula hukubadilisha wala mazoezi hufanyi, nenda hospitali kwanza. Kisukari, kifua kikuu, VVU, matatizo ya tezi ya shingo na baadhi ya saratani huanza hivyo.

Hatua ya 1: Hakikisha unachokishika ni ngozi

Chini ya ngozi ya juu kuna tabaka lenye nyuzi za protini. Kolajeni huipa ngozi uimara, na elastini huirudisha mahali pake ikivutwa. Unene wa miaka mingi huzivuta nyuzi hizo mpaka nyingine zinakatika, na michirizi unayoiona tumboni na mapajani ni makovu ya kukatika huko. Ndiyo maana kijana aliyenenepa kwa miaka mitatu hurudi vizuri kuliko mtu wa miaka 50 aliyebeba uzito huo tangu ujana wake. Urithi, jua la miaka mingi, idadi ya mimba na sigara navyo vina mchango. Mengi kati ya hayo hayako mikononi mwako. Sigara iko mikononi mwako, na huhitaji kusubiri hatua nyingine ili uiache.

Sasa shika sehemu inayoning'inia kwa kidole gumba na cha shahada. Ikiwa ni nyembamba, karibu na unene unaoupata ukivuta ngozi ya mgongo wa kiganja, hiyo ni ngozi tupu. Ikiwa ni nene na laini, ina ujazo ndani, bado kuna mafuta, zile tunazoziita nyama uzembe. Watu wengi wanaolalamikia ngozi bado wana mafuta yanayoivuta chini, na wakiendelea kupungua sehemu hiyo hubadilika. Nimeona watu wakitafuta daktari wa upasuaji wakati walichohitaji ni miezi mingine michache ya kula vizuri.

Kwa mama aliyezaa kuna jambo la tatu la kuangalia. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha pitisha vidole katikati ya tumbo, juu na chini ya kitovu. Ukihisi mwanya unaopita upana wa vidole viwili, misuli ya tumbo iliachana wakati wa ujauzito na haijarudi. Tumbo la namna hii hubaki limetokeza hata mtu akikonda kiasi gani, na linapewa lawama ya ngozi au kitambi bila kosa. Muone mtaalamu wa fiziotherapia. Yapo mazoezi maalumu ya kulikaza, na yapo mazoezi ya tumbo yanayoweza kulitokeza zaidi, hasa yale ya kulala chali na kuinua kiwiliwili kwa nguvu.

Hatua ya 2: Shuka kwa kasi ambayo misuli inaistahimili

Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Anayejinyima hadi kushuka kilo tano kwa wiki hapotezi mafuta peke yake. Anapoteza maji, anapoteza misuli, na misuli ikiondoka ngozi inakosa cha kuegemea. Kukonda kwa kasi kunaleta pia mawe kwenye kibofu cha nyongo, na nywele hupukutika miezi michache baadaye. Zile chai za kupunguza tumbo nyingi zina dawa ya kuharisha. Kilo unazoziona zimepungua ni maji, na yatarudi.

Waliowekewa puto tumboni, waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, na wanaotumia sindano za kupunguza hamu ya kula kama zile za semaglutaidi hushuka haraka kwa sababu ya tiba yenyewe. Hao wafuatwe na daktari kwa karibu, na hatua mbili zinazofuata ziwahusu kuliko mtu mwingine yeyote, maana hamu ya kula inapokwisha kitu cha kwanza kuachwa sahanini ni protini.

Hatua ya 3: Protini kila mlo

Kwa anayepunguza uzito, gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito anaoulenga ni kiasi kizuri. Ukilenga kilo 75, hiyo ni gramu 90 kwa kiwango cha chini. Mwenye ugonjwa wa figo asijipangie mwenyewe. Daktari wake ndiye ampe kiwango.

Gramu 90 zinapatikana sokoni kwetu bila unga wa kopo. Mayai mawili asubuhi yanakupa kama 12, na glasi ya maziwa kama 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa ni 15 hivi. Kipande kizuri cha samaki au kuku, gramu 150 zilizopikwa, hakipungui 30. Dagaa wakavu gramu 30, yaani konzi moja, wanakaribia 18, na karanga kiganja kimoja ni 7. Jumlisha, umefika. Dagaa nawasifu kwa makusudi: ni rahisi, wanakaa bila friji, na ukila na mifupa yao unapata kalsiamu ambayo mtu anayejinyima chakula huikosa.

Punguza ugali na wali, usiondoe mboga wala matunda. Mapera, machungwa na ubuyu vina vitamini C, na bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutengeneza kolajeni. Maji kunywa kwa kiu na kwa joto la unapoishi. Yanasaidia afya yako yote, ila hayakazi ngozi iliyoning'inia, hata ukinywa lita ngapi.

Hatua ya 4: Jenga misuli mara mbili au tatu kwa wiki

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Wengi wanaopunguza uzito hutimiza nusu ya kwanza, wanatembea na kukimbia kila alfajiri, na kuiacha ya pili. Matokeo yake wanakonda wakabaki dhaifu, na ngozi inaonekana imelegea kuliko ilivyo.

Jimu si lazima. Kaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika popote, mara kumi hadi kumi na mbili, pumzika, rudia mpaka seti tatu. Piga pushapu ukutani, baadaye kwenye ukingo wa meza imara, baadaye chini. Jaza maji dumu la lita 5, hizo ni kama kilo 5, liinue juu ya kichwa. Kisha inama na mgongo ukiwa umenyooka, ulivute dumu kuelekea mbavuni. Lala chali, kunja magoti, inua makalio. Dumu likiwa jepesi nenda la lita 10. Kuongeza uzito kidogo kidogo ndiko kunakojenga msuli. Ukirudia dumu lilelile mwaka mzima utachoka tu.

Nisikudanganye kuhusu matokeo. Misuli inajaza vizuri mikono, mabega, mapaja na makalio. Kwa ngozi ya tumbo la chini iliyoshuka ikafunika kinena, hakuna zoezi linaloirudisha, kwa sababu hapo hakuna msuli wa kuijaza. Fanya mazoezi kwa ajili ya nguvu, mifupa na sukari yako, na hicho kinachopatikana kwenye umbo kipokee.

Hatua ya 5: Tunza mikunjo kila siku

Hili ndilo linalowatesa watu kwa siri, hasa kwenye joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako jasho halikauki. Ngozi inaposugua ngozi mwenzake mahali penye unyevu, inachubuka, kisha fangasi wanaingia. Chini ya tumbo, chini ya matiti, kwenye kinena na katikati ya mapaja.

Osha mikunjo kwa maji na sabuni isiyo kali mara moja au mbili kwa siku, suuza sabuni yote itoke, kisha kausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua. Inua mkunjo, upepee kwa feni mpaka pakauke kweli kabla hujavaa. Halafu weka kitambaa laini cha pamba ndani ya mkunjo. Kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa kinafaa sana. Kibadilishe kila kikilowa. Mapajani, kabla ya safari ya kutembea, paka mafuta ya mgando kiasi kidogo yapunguze msuguano. Poda naomba uiache kwenye mikunjo inayotoa jasho jingi: inaloana, inashikana vibonge, na vibonge hivyo vinakwangua.

Pakianza kuwasha, kutoa harufu au kuota vipele vidogo pembeni, huenda ni fangasi. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu wanaouelezea vitabuni. Utaona weusi uliozidi, au rangi ya zambarau iliyofifia, pamoja na unyevu. Krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili hadi nne, huponya wengi, mradi uendelee nayo hata baada ya muwasho kuisha. Usipoona nafuu ndani ya wiki mbili, au ugonjwa ukirudi kila mara, nenda kituo cha afya na omba upimwe sukari.

Duka la dawa unaweza kuuziwa krimu yenye dawa tatu ndani ya bomba moja: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Inatuliza muwasho siku ya kwanza, ndiyo maana inapendwa. Lakini steroidi ikitumika muda mrefu kwenye mikunjo huikondesha ngozi na kuleta michirizi mipya, na wewe huna ngozi ya kupoteza. Soma boksi, muulize muuzaji, omba ya fangasi peke yake. Limau, chumvi, spiriti na dawa ya meno visiguse hapo kabisa.

Sehemu ikiwa ya moto, inauma, inavimba na kusambaa, ikitoa usaha, au ukipata homa, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asisubiri hata hizo dalili zikamilike.

Hatua ya 6: Funga pochi

Krimu za kukaza ngozi zinalainisha, na ngozi laini inapendeza, lakini hakuna inayoondoa ngozi iliyozidi. Kolajeni ya kunywa, ikisaidia, inasaidia unyumbufu kwa kiasi kidogo. Mkunjo unaoweza kuushika kwa kiganja hauondoki nayo. Kujifunga nailoni au mkanda wa tumbo kunatoa jasho tu, na mkanda unaobana mno unakuletea vipele na kiungulia. Mashine za mawimbi ya redio na za sauti zinafaa kwa ulegevu mdogo, kama wa shingo. Kwa aliyeshuka kilo 50, ni pesa imetupwa.

Mkorogo ndio unaoniuma zaidi. Baadhi ya watu, wakiona michirizi na weusi wa kwenye mikunjo, wanapaka krimu za kung'arisha. Nyingi zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, na bado vinauzwa kwa uficho. Ngozi iliyokondeshwa hivyo inachubuka haraka, na ukija kupasuliwa kidonda kinachelewa kupona.

Hatua ya 7: Jiandae kwa maneno, na kwa nguo

Kwetu kukonda kunasomwa kama ugonjwa. Utaulizwa kama unaumwa, utaambiwa umezeeka uso, na wapo watakaonong'ona kuhusu VVU. Kuwa na jibu moja fupi la kweli: nilikuwa na presha, nikaambiwa nipunguze, namshukuru Mungu naendelea vizuri. Kupungua asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito kunashusha presha na sukari, na faida hiyo iko ndani ya mishipa, haionekani barazani. Mwenzi wako mwambie mapema kwamba ngozi italegea, asije akaiona kwa mshangao nawe ukaanza kujificha gizani. Ukijikuta unakwepa watu, unatapika chakula kwa makusudi, au kila kioo kinakuliza, zungumza na mshauri nasaha au daktari. Hayo ni maumivu halisi na yana tiba.

Nguo: fulana ya kubana ya pamba ndani ya shati au dera inashikilia tumbo lisipigepige unapotembea, na kaptura ndefu ya kubana inaokoa mapaja. Vua usiku, ngozi ipate hewa.

Hatua ya 8: Shikilia uzito mwaka mzima, ukipima

Ukifika kwenye lengo, pima uzito mara moja kwa wiki na uuandike. Pima kiuno kwa futi ya fundi nguo kila mwezi, usawa wa kitovu, na upige picha moja ukiwa umesimama palepale, kwenye mwanga uleule. Kioo cha kila siku hakikuonyeshi mabadiliko. Picha ya Januari ukiiweka kando ya ile ya Agosti inakuonyesha. Ngozi inaweza kuendelea kujivuta kwa mwaka mmoja, wakati mwingine hadi miwili. Uzito ukipanda na kushuka katika muda huo unaivuta upya, kwa hiyo kilo mbili zikirudi usizisubiri ziwe kumi.

Hatua ya 9: Upasuaji, kwa anayeuhitaji

Baada ya kusubiri, kama ngozi bado inakuletea vidonda, inakuzuia kutembea, au inakuumiza moyo kila unapovua nguo, upasuaji ni haki yako kuufikiria. Si kiburi wala si utovu wa shukrani. Kwa walioshuka kilo nyingi sana, ndiyo njia pekee inayoondoa ngozi iliyozidi.

Kuna kukata ngozi inayoning'inia tumboni peke yake, na kuna kukata ngozi pamoja na kukaza misuli iliyoachana. Kuna wa mikono, ambao kovu lake hupita ndani ya mkono kutoka kwapa kuelekea kiwiko. Kuna wa mapaja, ambao vidonda vyake husumbua zaidi kwa sababu ya unyevu, na kuna wa kuinua matiti. Kunyonya mafuta kwa bomba ni kitu kingine. Hakukati ngozi, na kukifanywa peke yake kwenye ngozi iliyochoka kunaweza kuifanya ilegee zaidi. Mara nyingi kazi hufanyika kwa awamu. Paul Mason, Mwingereza wa Ipswich aliyewahi kuzidi kilo 400, alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula mwaka 2010, na ule mkubwa wa kuondoa ngozi akaufanyiwa New York mwaka 2015.

Madaktari wengi hutaka uzito uwe umetulia angalau miezi sita, na kwa aliyepunguzwa tumbo la chakula, miezi 12 hadi 18 tangu upasuaji huo. Mama anayetarajia kuzaa tena amalize kwanza, maana mimba italivuta tumbo upya. Sigara, shisha na chochote chenye nikotini viachwe wiki nne kabla na wiki nne baada, kwa kuwa nikotini hubana mishipa na kidonda hukosa damu. Upimwe wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini B12 na sukari. Aliyekonda kwa kujinyima mara nyingi ana upungufu asioujua. Dawa zote unazotumia zitaje, za mitishamba zikiwemo.

Halafu makovu. Sisi watu wenye asili ya Afrika tunapata keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, kuliko watu wa asili nyingine. Angalia alama ya chanjo ya kifua kikuu (BCG) begani au mkononi, na matundu ya masikio. Kama mojawapo liliota uvimbe mgumu, mwambie daktari kabla ya yote. Anaweza kupanga matibabu ya kuzuia mapema, au akakushauri usikate mahali panapoonekana.

Upasuaji huu ni mkubwa, chini ya nusu kaputi, kwa saa kadhaa. Hatari zake ni kutoka damu, maambukizi, maji kujikusanya chini ya ngozi, kidonda kufumuka, na damu kuganda mguuni kisha kwenda mapafuni. Utatoka na mirija ya kutolea maji na nguo ya kubana, na kwa wiki nne hadi sita hakuna kubeba ndoo wala mtoto. Tafuta msaidizi wa nyumbani kabla ya tarehe. Kutembea taratibu kunaanza mapema ili damu isigande. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata na kifua kikachoma, usipige simu kuuliza, nenda dharura.

Kuhusu mahali pa kwenda, tafuta daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, ndani ya hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi. Tanzania, Muhimbili Mloganzila inatoa huduma hii, na puto pia. Hakiki usajili wa daktari: Tanzania Bara kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya kwa KMPDC, baraza la madaktari la huko. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi siku chache baada ya upasuaji wa urembo katika kliniki binafsi, na kliniki hiyo ikafungwa. Picha nzuri za mtandaoni hazithibitishi leseni ya mtu. Ukienda India au Uturuki, uliza nani atakuangalia ukirudi, na utakaa siku ngapi kabla ya kupanda ndege, maana safari ndefu ya kukaa kitini huongeza hatari ya damu kuganda.

Bima nyingi huuona upasuaji huu kama urembo. Ukiwa na vipele na vidonda vinavyojirudia, hudhuria kituo kila vinapotokea ili viandikwe kwenye faili lako, na piga picha zenye tarehe. Ombi lenye kumbukumbu za matibabu za miezi sita lina nguvu kuliko barua ya malalamiko.

Siku ya kwanza kwa daktari, uliza ameshafanya upasuaji wa aina hii kwa watu wangapi waliopungua kilo nyingi, kovu litapita wapi (achore kwa kalamu kwenye mwili wako), gharama inajumuisha nini kidonda kikisumbua, na nani atapokea simu yako usiku. Ukitakiwa kulipa na kupangiwa tarehe siku hiyohiyo kabla ya vipimo, ondoka utafute mwingine.